Mlima wenye theluji na jani la mshelisheli

Mpe mtoto wa Pemba karatasi na penseli za rangi, mwambie achore mandhari, na mie nakutajia kitakachotoka kabla hajaanza. Nyumba ya paa la pembetatu, juu ya paa bomba la kutolea moshi (Wete hii, nani kawasha moto ndani aote?), nyuma yake milima mitatu iliyochongoka yenye theluji juu, jua linachungulia katikati na miale imepigwa rula, halafu mto unashuka mpaka mlangoni. Mlima huo hajauona maisha yake, theluji kaiona kwenye katuni, na hapohapo nje ya dirisha umesimama mshelisheli ambao jani lake moja linamfunika uso mpaka kidevu, huo hauchori. Na sio kwamba hataki, ni kwamba hakuna mtu aliyemwambia kuwa ule nao unachoreka. Mwalimu wake kachora mlima ubaoni, na mwalimu wa mwalimu wake pia.

Mie nafundisha sanaa. Siku za wiki niko skuli, na somo lenyewe kila mtu anajua hali yake, mitihani ikikaribia vipindi vya sanaa ndo vya kwanza kuchukuliwa na hesabu na wala sigombi tena. Jumamosi asubuhi lakini nna watoto wangu, wa darasa la tano mpaka kidato cha kwanza hivi, wanakuja kwa hiari yao tunakaa kwenye baraza ya nyumba ya jamaa. Rangi ghali, karatasi nzuri mpaka uagize Unguja, udongo bure. Basi tukaingia kwenye udongo, na nikasema safari hii hakuna kutoa kitu kichwani, kila mmoja aje na kitu kimoja kilichoota, au kilichotupwa na bahari, au alichokiokota njiani, na hicho ndo atakitia kwenye kigae chake. Kigae cha mraba, sentimita 15 kila upande, unene sentimita moja. Hukuleta kitu, hutengenezi kitu.

Ilipofika siku yenyewe baraza ilinuka soko na pwani kwa pamoja. Majani ya muhogo, makonyo ya karafuu, mwani mbichi ndani ya kopo, makombe ya kila aina, koko la embe lililokauka na nyuzinyuzi zake, ganda la fenesi lenye ulimbo uliotugandisha vidole sote mpaka tukaomba mafuta ya taa nyumba ya pili. Kijana mmoja kaja na pweza mkavu, huyo nilimwomba arudi naye kwao, paka wa barazani walishaanza kikao.

Udongo tunautoa bondeni, kwenye mabonde ya mpunga, chini ya ile tabaka nyeusi ya juu, unakutana na wa kijivu unaoteleza. Aliyetuonesha pa kuchimba ni bibi mmoja mfinyanzi, kafinyanga vyungu, mitungi na vyetezo tangu msichana, na jina lake silitaji kwa sababu kaniambia "usinitie kwenye mitandao yenu hiyo", basi nimemtii. Yeye kuupima udongo ni kazi ya nukta moja. Anachukua kidonge, anakiviringisha kati ya viganja mpaka kinakuwa chembamba, anakizungushia kidoleni, kikikatikakatika anakitupa alipokitoa.

"Bibi shikamoo, na huu je?"

"Marahaba mwanangu. Huu mchanga umezidi, utakutia aibu mbele ya watoto."

Ukishapatikana unalowekwa, unachujwa kwa chekeche kutoa mizizi na vijiwe, unaachwa utulie, maji ya juu yanamwagwa, unatandazwa juu ya gunia mpaka ushike, halafu ndo unakandwa. Kukanda watoto wanakupenda mno, wanapiga udongo kwenye sakafu kwa ghadhabu zote za wiki, na mie nawaacha kwa sababu udongo unataka hivohivo, usawazike unyevu wake na hewa itoke. Utasikia watu wanasema hewa ndo inayopasua vyungu motoni, hewa ina kosa lake lakini mkosaji mkubwa ni maji, kigae ambacho ndani hakijakauka kikipata moto wa haraka maji yanageuka mvuke, mvuke unatafuta njia, na njia ni kukivunja. Halafu bibi akatufundisha kutwanga magae ya vyungu vilivyovunjika na kuchanganya ule unga na udongo mbichi, maana gae lilishaungua na kunywea zamani, halinywei tena, kwa hivo udongo wote unapungua kidogo na haupasuki ovyo.

Kusukuma sasa. Tunatandika kitambaa cha marikani chini, pembeni fito mbili za unene mmoja, udongo katikati, na ule mti wa kusukumia chapati unapita juu ya fito. Mti ukishagusa fito kulia na kushoto basi unene umetimia, hakuna ubishi. Ila kuna jambo moja nalirudia mpaka wananiigiza nyuma yangu: usiubebe kwa mikono, beba na kitambaa chake. Udongo unaweka kinyongo. Ukiupinda leo ukaunyoosha unanyamaza kimya, ukija kukauka unarudi kulekule ulikoupinda, na motoni ndo unamaliza kabisa, unatoa kigae kimenyanyua kona moja wala hujui nani kakifanya hivo.

Yule wa mshelisheli, mtoto mrefu mkimya anayekaa mwisho wa baraza, ndo aliyenifanya nitake kuandika haya yote. Kaja na jani zima, kubwa, kaliweka juu ya udongo, jani limemwagika nje ya kigae pande zote nne. Akanitazama. Nikajua anataka kuniomba kigae kikubwa, nikakataa kabla hajasema. Akakasirika kidogo, akalizungusha, akaanza kulisogeza juu ya udongo huku na huku, na hapo ndo nilipomuona anafanya kitu ambacho kwenye karatasi hajawahi kukifanya hata siku moja, anatafuta. Ncha hakuipenda, ncha inafanana na majani mengine. Katikati hakupapenda, mstari mmoja tu umenyooka. Mwisho akatua pale ambapo vidole viwili vya jani vinaachana, ukosi ule wa mviringo katikati yao, mshipa mkubwa unapita kwenye kona ya kigae na mishipa midogo inatoka kwake inaelekea kwenye kila kidole. Basi akaligeuza mgongo chini, maana mishipa ya jani imevimba upande wa chini, upande wa juu wenye kung'aa hautoi kitu. Akapitisha mti mara moja kwa nguvu, sio mara mbili, ukipita mara mbili jani linateleza na unapata mishipa pacha. Halafu akalishika kwenye kikonyo akalibandua polepole.

Vimishipa vyote vikabaki, hata vile vidogo vinavyokutana na kufanya vyumba vyumba, ambavyo kwenye jani lenyewe huvioni mpaka uliinue juani. Watoto wakajaa juu ya kichwa chake. Mmoja kauliza "hivi jani la mshelisheli liko hivi siku zote?" Swali zuri sana hilo, na aliyeuliza kakulia chini ya mshelisheli.

Wa karafuu walikuwa wengi, ndo Pemba tena, karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka hapa kwetu na msimu ukifika hakuna asiyekuwa na jamvi la karafuu uwanjani kwao. Nilidhani wataleta majani, wakaja na karafuu kavu, mojamoja, wakaigeuza kichwa chini wakaichomeka kwenye udongo na kuitoa. Inaacha kiduara na ncha nne pembeni, ua dogo kamili, safi kuliko muhuri wa ofisi. Msichana mmoja kazipanga safu safu mpaka kigae kikawa kama khanga, pindo na mji wake, na nilipomuuliza nani kamfundisha kanijibu "hakuna, ndo ilivyo".

Mwani ulitushinda kwa njia ile. Ni laini, ukiusukuma unasagika na kuacha matope tu. Mwenye mwani wake, ambaye mama yake analima pwani, kaukunjia uso ule udongo, kisha akaanza kuviringisha vijikamba vyembamba vya udongo na kuviunganisha kwa matawi. Kuunganisha kuna adabu yake, unakwaruza pande zote mbili, unapaka uji wa udongo, ndo unabandika na kubana, ukibandika hivihivi vinabanduka vikikauka. Alipomaliza matawi akaongeza kamba inayopita chini ya kigae na fundo za taitai, vile vikamba vidogo vya kufungia mwani. Yaani kachora kilimo, hakuchora mmea. Mwani wa kulimwa umeanza Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa hivo mama yake ni kizazi ambacho hakikuwahi kuikuta bahari bila kamba zile, na mtoto kwake mwani bila taitai sio mwani. Mie nisingezitia zile kamba, na ningeharibu.

Na hapa niseme jambo la wazazi, maana niliulizwa. Mzee mmoja alipita kumchukua mjukuu wake akasimama, akasalimu, akauliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, hawa hamuwafinyangishi masanamu?" Swali lake halali na silichukii, watu wa kwetu wengi hawapendi sura za viumbe vyenye roho, na mie sio mtu wa kuja kuwabishia barazani. Nikamuonesha majani. Nikamwambia msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini ya Unguja, una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na herufi zake zinaota majani kwenye ncha. Zaidi ya miaka 900 watu wa visiwa hivi wanatia majani kwenye jiwe. Milango ya Mji Mkongwe ndo usiseme, mayungiyungi, mitende, minyororo, magamba ya samaki, fundi kaviweka kwenye mbao mpaka leo watalii wanapiga picha, na mtoto wa hapahapa anachora bomba la moshi. Mzee akacheka, akakaa, akaomba naye kipande cha udongo.

Kwa sababu ya mambo hayohayo yule kijana aliyetaka popo alikwama. Alitaka popo wa Pemba, huyu mkubwa ambaye duniani kote anapatikana kwenye kisiwa chetu tu, aliyewindwa mpaka akakaribia kumalizika na sasa ukienda Kidike, hifadhi yao hapa Pemba, unawakuta wananing'inia mchana kutwa. Baba yake kamwambia popo hapana. Na popo mwenyewe hakuweza kumleta, kwa hivo hata kwa sheria yangu asingepita. Akarudi na kungu, tunda la mkungu, lililotafunwa na popo, lenye alama za meno, akaligandamiza kwenye udongo na pembeni akachimba vimashimo vya makombo. Wenzake wakamuuliza popo wako wapi.

"Keshaondoka."

Sasa makombe. Kila mtoto anataka kulipachika kombe lenyewe ndani ya kigae libaki humo, na mie nakataza, gandamiza utoe. Wanaona nawaonea. Mmoja nikamwachia makusudi, nikamwambia pachika, tutaona. Likachomwa pamoja na vingine na likatoka zima, limekuwa jeupe tu, akanicheka mbele ya watu. Siku chache baadae kombe lilikuwa unga, na sio hilo tu, limekisukuma kigae chenyewe mpaka kipande cha uso kimeruka. Hapo nikawauliza swali moja: tanu la chokaa wanachoma nini? Mawe ya matumbawe. Na baadae wanayafanyaje? Wanayamwagia maji, yanavimba, yanapasuka, yanakuwa chokaa. Wote wanajua, nani hajaona tanu la chokaa. Kombe na tumbawe ni kitu kimoja, moto ukifika kuanzia nyuzi joto 700 na kitu kupanda juu kombe linaanza kugeuka chokaa kavu, na chokaa kavu ina kiu, inafyonza unyevu hata wa hewani na inavimba hapohapo ilipokaa. Hewa ya Pemba unaijua ilivyo na unyevu. Na ndo maana bibi hatii mchanga wa pwani kwenye udongo wake hata ukimpa bure, mchanga wetu ule mweupe ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Yeye anatia wa bondeni. Ukimuuliza sababu anakwambia "wa pwani unatema", na mie nilihitaji kemia yote hiyo kulielezea neno lake moja.

Kukausha ndo sehemu inayowashinda watoto, na watu wazima zaidi. Kigae ukikianika juani kingo zinakauka kabla ya katikati, zinanywea, zinajikunja juu, basi tena. Kinakaushwa kivulini, kati ya mbao mbili na magazeti, unageuza na kubadilisha gazeti kila siku, na masika yakiingia unasahau kabisa, mambo yote yanalala mpaka mvua zikate. Nyuma ya kigae tunakwangua mifereji kidogo ili kisiwe kinene mno na saruji ipate pa kushika. Utajua kimekauka ukikiweka shavuni, kikiwa baridi bado kina maji.

Kuchoma tulifanya uwanjani kwa bibi. Tanuri la umeme hatuna, na kwenye video za YouTube kila mtu analo, watoto wakaniuliza sie tutafanyaje, nikawaambia waliochoma vyungu hapa kabla ya umeme walifanyaje? Kwanza vigae vikapangwa kuzunguka moto mdogo, mbali, vinageuzwa mpaka vikawa vya moto kushika, hiyo ni kuyaaga maji yaliyobaki. Kisha vikalundikwa, kuni chini, makumbi na vifuu katikati, makuti juu, moto ukawashwa na upepo ukatazamwa. Kitaalamu moto wa wazi kama ule unafika nyuzi 600 mpaka 900 hivi. Kwenye 573 chembe za mchanga ndani ya udongo zinabadilika na kuvimba ghafla, ndo maana hutakiwi kuharakisha hapo kupanda wala kushuka, na ukishapita 600 ule udongo umepoteza hata maji yaliyofungwa ndani ya madini yake, hauwezi tena kurudi tope hata uuloweke mwaka. Bibi hana kipimo. Anachungulia kwenye makaa, vigae vyenyewe vikishakuwa vyekundu anasema "wacha", na hapo hakuna mtu kugusa mpaka kesho yake, ukivitoa vya moto upepo unavipasua mikononi mwako.

Vilitoka vyekundu palipopata hewa na vyeusi palipolaliwa na moshi, hakuna viwili vinavyofanana. Vingine vilipasuka, hilo lipo kila ukichoma, magae yake yanatwangwa yanarudi kwenye udongo wa watakaofuata. Jani la mshelisheli lilitoka na doa jeusi kwenye ukosi ule wa mviringo, utadhani kapaka mtu.

Skuli wakakubali tuvipachike kwenye ukuta wa birika la maji. Fundi akaja, akavitandaza chini, akashika kiuno. "Mwalimu, hivi kila kimoja kina saizi yake!" Nikamwambia ndivyo, udongo unapungua kama sehemu moja ya kumi ukikauka na kuungua, na kila mmoja unapungua kwa moyo wake. Akasema vya dukani havifanyi hivo. Watoto wakamjibu wote kwa pamoja, sitaandika walichosema. Lakini fundi ni fundi, kavizamisha vyote kwenye ndoo ya maji kwanza, maana udongo wa moto mdogo unafyonza sana, ukiupachika mkavu unanyonya maji ya saruji na saruji haishiki, kisha akaanza na vikubwa chini akapanda juu na vidogo.

Tulipokuja kutazama kazi imekwisha, kigae cha kungu lililotafunwa alikuwa kakipachika juu chini. Nikataka kumwita akibandue kabla saruji haijakaza, mwenyewe akanishika mkono.

"Kiache hivohivo ticha, popo ndivyo anavyokaa."